Avoka Niliyoichemsha

Miaka ile kila kitu kilipoanguka, laboratwari ya hospitali yetu pale Shituru ilibaki na fundi mmoja: minye peke yangu. Wenzangu walipanda treni na familia zao, hawakurudi. Niliuchukia ule ukimya, sioni haya kusema. Aliyebaki kunisemesha ni mama mmoja muosha chupa. Saa sita tulikula pamoja kwenye meza ya hadubini, akinicheka kwamba natafuna kama mtu anayefukuzwa.

Unga ukawa shida, watu wakashindia matunda. Ndipo midomo ya yule mama ikaanza kuvimba. Avoka, ndizi, au papai? Hakujua, akaacha yote matatu, akakonda mbele ya macho yangu. Daktari akaniambia nitengeneze dawa ya kumpima.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unaponda tunda bichi ndani ya maji ya chumvi, unaliacha kwenye baridi ili protini zitoke, unachuja. Unaweka tone moja juu ya mkono, unachoma kidogo na sindano. Pakivimba kama pameumwa na mbu, tunda ni hilo.

Lakini umeme wa bwawa la Koni ulikuwa wa kukatika-katika, na friji yetu ilikuwa kabati tu. Tena kipindupindu kilikuwa kimetufundisha sote kuchemsha kila kitu. Basi nikachemsha dawa zote tatu. Pumbavu minye! Moto unaharibu zile protini. Nilifundishwa hivyo shuleni, nikasahau.

Nikampima mama, mkono wake haukuvimba popote. Nikamwambia kwa furaha, "Mama, kula!" Tukagawana avoka kubwa na mkate. Hatujamaliza, akashika koo, macho yamemtoka. Daktari alimchoma sindano ya mwisho iliyokuwa kabatini, na Mungu ashukuriwe, akapona.

"Papa, weye ulisema nikule," aliniambia aliporudi kazini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya moto. Kisha nikaenda kuomba barafu kwa masista wa misheni, nikatengeneza upya ya ndizi na ya papai, kwenye baridi, bila moto. Safari hii ilikuwa dawa sahihi kabisa. Nikamwita anipe mkono.

Alisimama mlangoni, mikono yote miwili ameificha chini ya kitenge. "Hapana, papa," akasema, akaenda kula nje.

Hakugusa tena ndizi wala papai, na minye sikupata tena mtu wa kula naye.