Glavu za Abdillahi Kinyozi

Pua ya Abdillahi ilikuwa ikimwasha, na hakuwa na kidole hata kimoja cha kujikunia. Alisimama katikati ya ukumbi wa nyumba yake, mtaa wa Shela pale Malindi, mzee wa watu na kikoi chake kiunoni, mikono yote miwili imemezwa na glavu nyekundu za ngumi. Mkewe, Shekha, ndiye aliyemfunga kamba zake. Alizikaza kama anayefunga mzigo wa safari, kisha akajitanda leso na kwenda nyumba ya pili kumtazama jirani aliyejifungua. "Narudi sasa hivi," alisema. Abdillahi ameishi na mwanamke huyu tangu ujanani, na hiyo sasa hivi yake anaijua vizuri.

Akajaribu kujikuna kwa glavu. Ilikuwa kama kujikuna kwa boflo la mkate.

Simu ikalia juu ya meza; akaitazama mpaka ikanyamaza. Mtu akabisha hodi, na Abdillahi akaitikia kwamba hawezi kufungua. Muuza maziwa, maana ndiye aliyekuwa mlangoni, akauliza kwa nini hawezi. Sasa aanzie wapi kumweleza? Muuza maziwa akangoja kidogo, akaenda zake na maziwa yake. Halafu ikaadhiniwa alasiri, na yeye bado amefungwa. Akawaza kuzifungua kamba kwa meno, akakumbuka kwamba meno yake ya mbele ni ya kuvaa na kuvua, na kwa wakati ule yalikuwa ndani ya bilauri chumbani. Basi akaketi kwenye kochi na mabonge yake mawili mapajani, na hasira ikampanda pole pole mpaka utosini.

Si kwamba ni mtu wa hasira. Mtu wa hasira hadumu kwenye kazi ya unyozi, na Abdillahi amekuwa kinyozi umri wake wote. Kiti na wembe alirithi kwa babake. Amewanyoa mabwana harusi wa Malindi na Mambrui, amenyoa vichwa vya vitoto vya siku saba huku mama zao wamefumba macho, amewanyoa wakulima wa Ganda na Kakuyuni waliokuja mjini sokoni na kutaka kurudi kwao wanang'aa. Kila aliyekaa kitini pake aliambiwa neno moja tu: "Tulia." Na mtu alitulia, awe shehe, awe mlevi, kwani nani atabishana na mwenye wembe?

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka wenyewe. Mwanzo alisema ni uchovu. Halafu wateja wakawa wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali, wanainuka kitini kabla hajawafunga kitambaa shingoni. Daktari akaupa ugonjwa jina lake, Parkinson, akampa na vidonge, akamwambia kwamba hauponi bali unaishi nao. Abdillahi akamwachia duka Kalama, aliyekuwa msaidizi wake, akarudi nyumbani. Hilo alilimeza. Wembe ni wembe, na hakutaka kumtoa mtu sikio.

Lililomkwama kooni lilikuwa la kahawa. Baada ya sala ya alasiri wanaume wa mtaa huketi barazani karibu na msikiti, na Mwambire, muuza kahawa, huwamiminia kahawa chungu kutoka kwenye dele lake. Vikombe vyenyewe ni vidogo, havina mkono wa kushikia, na hujazwa mpaka ukingoni. Siku moja Abdillahi alimwaga chake juu ya kanzu ya mwenzake. Kesho yake Mwambire akammiminia nusu. Hakumuuliza, alimpa nusu tu, kwa adabu zote, na wenzake wote wakajitia kutazama barabara. Nusu kikombe hupewa mtoto anayeonjeshwa. Abdillahi alikinywa, akaaga, na tangu siku hiyo barazani hakuonekana. Nyumbani alisema kahawa inampandisha presha. Presha hana.

Akawa hataki kingine duniani: aketi tena pale, kati ya wenzake, na kikombe kilichojaa kama cha kila mtu.

Wazo la ngumi lilitoka kwa Linet, binti wa mazoezi ya viungo hospitalini. "Hupigani na mtu, mzee," alimwambia. "Unapiga kitu, unasogeza miguu, unahesabu kwa sauti. Nisikudanganye, mkono hautaacha kutetemeka. Lakini miguu itakushika, na mwili utaanza kukusikiliza." Akamweleza kwamba anayeanza nyumbani hahitaji vingi: glavu nyepesi, kitu cha kuvaa ndani yake cha kushika kifundo cha mkono, kitu kisicho kigumu cha kupiga, viatu visivyoteleza, na mtu wa kukaa karibu asije akaanguka. "Chagua vitakavyokufaa wewe mwenyewe," akamalizia. Maneno hayo Abdillahi aliyapenda kuliko vidonge vyote.

Mwenyewe! Nani alimwachia? Jioni ile ile binti yake Sahla, mwalimu wa shule ya msingi, alimpigia simu kaka yake Mahir aliyeko Mombasa. Na Mahir ni mwana mwema, anampenda babake kwa roho yake yote, ila hajapata kumuuliza babake anataka nini. Katoni likaja kwa basi. Ndani mlikuwa na glavu za ngozi za kufunga kwa kamba, kwa sababu ndizo wanazovaa mabingwa. Mlikuwa na kofia ya kukinga kichwa. Mlikuwa na kikinga meno.

"Kwani nani atanipiga?" Abdillahi aliuliza.

"Ni seti, Baba," Sahla alisema. "Vinauzwa pamoja."

"Na hiki nikikingie meno yapi? Ya kwenye bilauri?"

Sahla akacheka, wala babake hakuwa ametania. Halafu lilikuwako gunia la kupigia, zito kama maiti, ambalo fundi alilitundika kwenye boriti za dari ya nyumba ile kongwe huku Shekha akiomba dua. Abdillahi alilipiga ngumi ya kwanza. Gunia halikutikisika. Aliyetikisika ni yeye, akarudi nyuma mpaka kochini, na chokaa ya dari ikanyunyizika juu ya wali wa mchana. Shekha akaupepeta ule wali kwa macho tu, akaumwaga kwa kuku.

Sasa siku hii ya kuwashwa pua, Shekha aliporejea kutoka kwa jirani aliyejifungua, jamaa walikuwa wameshatoka msikitini, na alimkuta mumewe pale pale kochini.

"Baba Mahir, kulikoni? Hukwenda kusali?"

"Niende vipi? Nitie udhu juu ya ngozi ya ng'ombe?"

"Si ungeniita."

"Nikuite vipi, kwa kipaza sauti?" Akamnyoshea mikono ile miwili, na mmoja ukitetemeka ndani ya glavu. "Nifungue. Nimechoka, Bi Shekha. Nimechoka kuchaguliwa. Mmenichagulia chombo cha kulia, sasa nakula wali kwenye bakuli. Mmenichagulia kanzu za kuvutwa kichwani, vishikizo mmevikata. Leo mmenifunga mikono ndani ya nyumba yangu, na mnaita dawa. Kesho nakwenda sokoni, na atakayefungua mdomo kunichagulia nitamrudisha nyumbani."

Shekha akazifungua kamba. Alipoitoa glavu ya pili alimkuna pua, maana aliona inavyomtaabisha.

Kesho yake alasiri akaenda na Sahla kwenye soko la mitumba. Mwikali, mwenye viatu na vitu vya michezo, alikuwa ametandaza mali yake juu ya turubai. Alimsalimu Abdillahi vizuri, kisha akamgeukia Sahla. "Mzee anataka saizi gani?"

"Mzee anasikia," Abdillahi akasema. "Mzee hata kusema anajua."

Mwikali akaomba radhi, akamsogezea glavu zote alizokuwa nazo, jozi kwa jozi. Abdillahi akaketi kwenye kigoda na kuanza kuzitahini. Mtihani wake ulikuwa mmoja: azivae peke yake na azivue peke yake. Jozi ya kwanza ilipendeza, mpya kabisa, lakini mdomo wake ulikuwa mwembamba. Mkono ulivyotetemeka ukagonga huku na huku kama nzi kwenye kioo, usiingie. Sahla akanyosha mkono kumsaidia. Babake akamtazama, na mkono ukarudi. Jozi ya pili ilikuwa nzito. Alipoinyanyua ilimvuta bega. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imechujuka, gumba limesuguliwa na mtu mwingine, na kifundoni ina ukanda mpana wa kunata. Mkono wa kwanza uliingia. Wa pili ukaingia kwa shida, akaukandamiza ukanda wake kwa ngumi ya kwanza. Kwa kuvua, akaibana ncha ya ukanda kwapani, akavuta. Ukanda ukabanduka kwa kishindo, glavu ikaanguka turubaini. Akarudia. Watu wawili watatu wakasimama kutazama, hakuwajali.

"Hizo zinanuka, mzee," Mwikali akasema kwa uaminifu.

"Nitazianika."

Sahla alikuwa ameshika bandeji ndefu za kuzungusha mikononi, zile wanazoanza nazo mabondia. "Na hizi, Baba? Linet alisema kifundo lazima kishikwe."

"Nikimaliza kujizungusha hizo itakuwa Idi," alisema, akachomoa kwenye rundo zile fupi za kuvuta kama soksi, zenye pedi juu ya vidole. Viatu hakununua. Alikuwa na raba zake za zamani zilizoshika sakafu vizuri. Sahla akatembea nyuma yake hadi nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakumshika kiwiko wakivuka barabara. Abdillahi aliliona hilo, akafurahi.

Likabaki la kupigia. Gunia la Mahir liliteremshwa na kuwekwa nyuma ya mlango, ambako mpaka leo wageni hulikwaa. Abdillahi akalitolea macho takia la Shekha, lile nene lililojazwa usumba wa nazi, alilokuja nalo kutoka kwao alipoolewa.

"Hilo hapana," Shekha akasema.

"Linet kasema kitu kisicho kigumu."

"Linet hakulitaja takia la marehemu mama yangu."

Walivutana kwa takia lile siku kadhaa, na Sahla akaapa hataingilia. Mwishowe Shekha mwenyewe akalitoa chumbani, akalivisha foronya ya zamani, akajiegemeza ukutani na kulikumbatia kifuani. "Nitalishika mimi," alisema, "ili nione unalifanya nini."

Basi ikawa kila siku asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, Abdillahi huvaa zile soksi zake za mikono na glavu zake nyeusi na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, mguu, moja, mbili, mguu. Takia lilitoa vumbi. Alipiga kwa uangalifu mkubwa, ngumi inafika kwenye takia imeshakufa, kwa kuwa nyuma ya takia yuko Shekha, na Shekha magoti yanamsumbua. Aliendelea hivyo hadi siku moja mkewe akalishusha takia.

"Abdillahi."

Humwita kwa jina lake siku za hasira tu.

"Unanipigia nusu nusu. Kwani mgonjwa ni mimi?"

"Nisikuumize."

"Uliniuliza kama naumia? Umejikatia shauri mwenyewe, humo humo kichwani. Mimi nimesimama hapa kila siku na magoti yangu haya, na wewe unanipapasa kama paka. Piga, au nenda ukanikatie vitunguu vya mchuzi."

Abdillahi alisimama, mikono imening'inia. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alimkumbuka Mwambire na dele lake, na adabu zake zote. Kisha akainua mikono na kulipiga takia barabara. Shekha akayumba, mgongo ukagusa ukuta. Akajiweka sawa, akalikaza takia kifuani.

"Ehee," akasema. "Nyingine."

Mkono haukupona, Linet hakumdanganya. Hata hivyo ilifika siku Abdillahi aliinuka kochini bila kushika kitu, akajikuta amesimama, wala hakuna aliyemnyanyua. Siku hiyo hiyo alasiri alisali msikitini, akatoka na wenzake, akaketi barazani mahali pake pa zamani. Walimpokea kwa furaha, wakasogea, wakamuuliza habari za presha. Alisema imeshuka.

Mwambire akaja na dele lake. "Shikamoo, mzee wangu. Umetupotea." Akammiminia kahawa, akakatisha katikati ya kikombe, akamnyoshea.

Abdillahi hakukipokea.

"Jaza."

Mwambire akawatazama wengine. Nao wakaitazama barabara.

"Itamwagika, mzee wangu."

"Itamwagika mkononi mwangu mimi. Jaza, Mwambire."

Mwambire akajaza mpaka ukingoni. Abdillahi akakishika kwa mikono miwili, na kikombe kikatetemeka, kahawa ikamchoma vidole, ikamwagika kwenye kanzu safi aliyopigiwa pasi na Shekha. Mzee mmoja akanyosha mkono kumshikia.

"Tulia," Abdillahi akamwambia, na mkono ukarudi. Akakifikisha kinywani, akanywa. Kilichobaki kilikuwa kama nusu. Nusu nyingine aliimwaga yeye mwenyewe. Akafuta midomo, akamrudishia Mwambire kikombe kitupu, akamwambia amjazie cha pili.