Waya Ulioitwa Halima

Tik! Ni sauti ndogo, ndogo kuliko ukucha ukigonga kikombe, lakini ilinirudisha Koboko, nikiwa mtoto wa miaka kumi.

Nilikuwa nimekaa kwa mjukuu wangu Shamimu, hapa Arua. Alikuwa ameipiga picha yangu ya zamani kwa kamera yake, akataka kuiingiza kwenye kompyuta aikuze, maana karatasi yenyewe imeanza kuchanika. Nyaya alikuwa nazo mfuko mzima, zimesokotana kama utumbo wa mbuzi. Akajaribu mmoja, ukakataa kuingia. Akajaribu wa pili, ukaingia, lakini kompyuta ikanyamaza.

“Haboba, hizi waya zote iko nyeusi,” akalalamika. “Nani atazijua?”

Haboba ndiyo bibi kwetu sisi Wanubi. Nilicheka peke yangu. Akavuta wa tatu, akausukuma taratibu, ukasema tik, na kompyuta ikaamka.

Picha yenyewe ni ya siku dada yangu Zaituni alipoolewa, mwaka sabini na tisa, kabla hatujakimbia vita. Alikuwa anapelekwa ng'ambo ya mto Kaya, Sudani, kwa watu wa mume wake. Mama yetu, Hawa, alikuwa anataka kitu kimoja tu: abaki na uso wa mwanawe. Siku hizo mtu akivuka mpaka hukujua utamwona tena lini.

Sasa, kwetu bibi harusi hukaa ndani, amepakwa hina, amefukizwa udi mpaka nguo zinanukia wiki nzima. Akitoka, anatoka amefunikwa shuka kichwa mpaka miguu. Ukimpiga picha nje, umepiga picha ya shuka. Na ndani mwanamume mgeni haingii. Mpiga picha wetu, Mzee Ramadhani, alikuwa mtu wa heshima, mwenye kofia nyeupe na vidole vya rangi ya dawa za picha. Alisimama nje ya pazia, akamwambia mama:

“Mama Zaituni, mimi siingii. Lakini huyu mtoto wako anashinda kwenye benchi yangu kila siku. Mpe yeye kamera.”

Ni kweli. Mama alikuwa anauza sambusa mbele ya studio yake, nami shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu, basi kazi yangu ilikuwa kufukuza nzi na kumtazama Mzee Ramadhani. Shangazi Mastula hakupendezwa hata kidogo.

“Tangu lini?” alisema. “Mtoto huyu anamwaga hata chai!”

Nilipewa kamera ikiwa imeshikanishwa na taa yake, ile inayotoa mwanga kama radi. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga. Mzee alikuwa ameshapima kila kitu: nihesabu hatua tatu kutoka kwenye mkeka, nisimame, nibane pumzi, nibonyeze. Chumbani kulikuwa giza, madirisha yamefungwa, moshi wa udi unawasha macho. Zaituni alikaa katikati, amejifunga gurbaba yake nyekundu, ile nguo ya wanawake wa Kinubi, mama kulia, shangazi Mastula kushoto, na nyuma yao haboba yetu Latifa, ambaye hakuwahi kupigwa picha maishani.

Nikabonyeza. Kamera ikasema chak. Giza likabaki giza.

“Mzee, haikuwaka!”

Mzee akajibu kutoka nje: “Binti, filamu imebaki picha moja.”

“Si nilisema?” akasema shangazi Mastula. Na hapo hapo gari la kina bwana harusi likapiga honi, dereva akiitwa Safi, mtu asiyejua kungoja. Mama alikuwa ameshika mkono wa Zaituni kama mtu anayeshika kamba ya kisima.

Nikautazama ule waya unaotoka kwenye taa kwenda kwenye kamera. Nikamwita mzee kupitia pazia.

“Mzee, mbona iko Zubeda hapa?”

“Zubeda gani tena?”

Lazima niwaambie siri yangu. Mzee alikuwa na kamera tatu kuukuu alizonunua kwa wanajeshi, kila moja na waya wake, zote nyeusi. Mimi kusoma nilikuwa sijui sana, lakini jina nikilishika halitoki. Kwa hiyo nyaya zile nilizipa majina ya wanawake wa mtaani. Ule mfupi mnene, Zubeda. Ule wenye mawimbi kama nywele zilizofumuliwa, Mama Sadia. Na ule mwembamba uliofungwa plasta ya kidonda, Halima.

“Zubeda ni wa kamera kubwa,” nikasema. “Hii ya leo mwenzake ni Halima, yule mwenye plasta!”

Nikasikia mzee akipiga paja lake. Zubeda alikuwa amemfunga mwenyewe alipopiga picha za uani, juani, mahali ambapo taa haihitajiki, kwa hiyo kosa halikuonekana. Mfuko wa nyaya ukapita chini ya pazia.

“Sukuma polepole,” akasema. “Usilazimishe. Sikiliza.”

Nikamtoa Zubeda, nikamweka Halima. Tik. Nikangoja kitaa chekundu kiwake nyuma ya taa, ishara kwamba iko tayari. Honi ikalia tena. Nikahesabu hatua tatu, nikabana pumzi.

Chumba kizima kikawa cheupe. Haboba Latifa akapiga kelele, “Astaghfirullahi, wametuchoma!” na Zaituni akacheka, na hina yake yote mikononi. Kisha wakamfunika shuka, wakamtoa.

Picha ililetwa baada ya wiki mbili. Muda si mrefu tukakimbilia Kongo, na mama aliibeba kifuani, ndani ya nguo. Zaituni tulikaa miaka kumi na moja bila kumwona. Mama alikuwa akiitoa jioni jioni, anamwambia kila jirani wa kambini, “Hii alipiga binti yangu mdogo.” Na mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa naona uchungu. Familia yote imo, mimi simo. Nilikua nikiamini kwamba siku ile nilijitoa mwenyewe nje ya nyumba yetu.

Shamimu alipoikuza kwenye kompyuta, uso wa Zaituni ukajaa kioo chote. Meno yake, jicho lenye machozi ya moshi. Kisha akaipunguza picha, nao wengine wakatokea: Mama Hawa, shangazi Mastula, haboba Latifa, wote sasa wako udongoni.

“Haboba,” Shamimu akauliza, “hawa wote wanamwangalia nani hivi?”

Nikasogeza kiti changu mbele, mpaka kwenye kioo. Hatua tatu kutoka mkekani.

“Mimi,” nikasema.