Beau-père aliandikisha bwana yangu ku réserve ya jeshi pa nafasi ya mudogo yake

Admin, ficha jina yangu, juu familia ya bwana yangu banasomaka page hii. Niko mwanamuke wa miaka 32, mama ya batoto batatu, hapa Kimemi. Bwana yangu alikuwaka menuisier, seremala. Vitanda vyake vilifikaka mupaka Kirumba.

Mwaka jana balipitisha liste ya baréservistes, ba kusaidia basoda ku vita, ku quartier, kila nyumba itoe mwanaume mumoja. Beau-père, papa ya bwana yangu, mukubwa wa kanisa, akaambia bwana yangu: «Jina yako ndio imetoka. Usinipatishe haya.» Mudogo ya bwana yangu, hajaoa bado, juma ile ile bakamutuma Kampala, ati masomo.

Bwana yangu akaenda. Bunduki moja kwa batu babili. Upande wa Eringeti, grenade ikamupasukia ku uso. Ku hopitali ya basoda bakasema: «Hana matricule ya jeshi, ni civil, raia tu.» Ku hopitali ya bacivils bakasema: «Huyu alibeba silaha, tunaogopa.» Siku tatu tulizunguka naye ku pikipiki, pansement ya vidonda inanuka. Leo haone tena, macho yote mbili.

Na beau-père, mbele ya batoto, akimuona anatafuta kijiko na vidole, anasema: «Benzako balikufa, batu bakabalilia. Wewe ulirudi kula chakula yetu.» Bwana yangu anainamisha kichwa, anajibu: «Wasingya, Papa.» Asante, Papa!

Mwezi hii mwenzake mumoja wa réserve alikuya kumusalimia. Nilimusindikiza ku barabara, akasimama. «Mama, nisamehe. Liste ilikuwa na jina ya mudogo yake. Papa yenu aliikata mwenyewe, mbele yangu, akasema: uyu mukubwa ashazala, uyu mudogo hajaanza maisha.» Nilikaa chini mu vumbi.

Sasa mudogo anarudi, Jumamosi anaoa. Beau-père ameomba bwana yangu asimame ku kanisa ashukuru Mungu juu Mungu alichunga mudogo yake asifike ku vita. Bwana yangu anafurahi sana. Asubuhi hii ameniambia: «Mama batoto, piga shati yangu nyeupe pasi. Papa alinichagua mimi juu alijua niko mwanaume.» Ni hiyo tu inamuamshaka ku kitanda.

Bandugu, nikisema, nitamuua mara ya pili. Nikinyamaza, mimi mwenyewe nitamushika mukono mupaka pale mbele, ashukuru mutu aliyemutoa macho. Munipe mawazo tafazali, Jumamosi iko karibu. Nifanye namna gani?