Maji Moto Chumbani kwa Wakwe

Kila nyumba ya Nkowe yenye kabati la chakula ilitia miguu ya kabati kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Mimi nilitia miguu ya meza kwenye makopo ya maji ili wasishuke. Kwa ukoo wa mke wangu, huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba binti yao ameolewa na mwehu.

Nilikuwa nimehamia kwao. Miaka ya tisini mwanzoni, kwetu sisi mwanamume ndiye aliyefunga virago, akaenda kulima kwa mama mkwe na kutazamwa. Akionekana mvivu, anaitwa mjomba wa mke, na bwana anarudi kwao na jembe lake. Mimi nilitoka Kiegei na jembe, na kusema kweli jembe na mimi hatukuwahi kupatana. Nilihitaji ujuzi mwingine, tena haraka.

Mikorosho ya mama mkwe ilikuwa ikiungua machipukizi kwa sababu ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu wa machipukizi. Kiegei mbu hao hawakuthubutu, maana mikorosho yetu ilijaa maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wakikuuma huulizi kwa nini wakaitwa hivyo. Nikaleta viota viwili kwa baiskeli, ndani ya mfuko wa salfeti, na njia nzima nilicheza ngoma juu ya tandiko. Nikavitundika mkoroshoni. Kesho yake nikakuta sisimizi weusi wa ardhini wamewamaliza wote. Nikaleta kingine, nikaapa kwamba hicho nitakilea ndani kwanza, wazaane, wapate jeshi.

Ndani maana yake chumbani kwetu, kwa kuwa ndipo pekee nilipokuwa na kauli. Niliweka tawi la mkorosho kwenye ndoo, ndoo juu ya meza, na miguu ya kitanda nayo ndani ya makopo, tukawa tunalala kama kitoweo cha kesho. Niliwalisha vichwa vya dagaa. Nilikaa nikiwatazama wakivuta majani mawili mpaka yakutane, kisha mmoja analeta mtoto kinywani, funza mweupe, anampitisha huku na huku mpaka uzi unaomtoka uyashike majani.

"Njoo uone, mke wangu, wanamtumia mtoto kushonea!"

"Na wewe nyasi za paa hujakata," alinijibu.

Siku moja mvua ikanyesha. Mke wangu akaingiza nguo, akaanika kanga ya mama yake kwenye kamba ya chumbani, ncha ikagusa tawi. Ilipokauka akamrudishia mwenyewe, na mama mkwe akajifunga palepale uani, mbele yangu.

Sasa, mkwe hamtazami mama mkwe hata akicheka, sembuse akirukaruka, akijipiga mapaja na kuivua kanga! Niligeukia ukuta, nikafumba macho, nikaanza kutoa msaada kwa sauti: "Mama, usiwapige! Ukiwaponda ndiyo wanazidi!" Ulikuwa ushauri sahihi kabisa. Haukupokelewa vizuri.

Kesho yake mjomba akafika.

"Nkwe, ulikuja kuoa au kufuga?"

Nikaeleza habari ya mbu, ya viota, ya wale weusi. Nilieleza mno, hata mwenyewe nikajisikia nilivyo kituko. Nilikuwa naogopa. Nilimpenda mke wangu, sikuwa nimewahi kumwambia, na muda wangu wa mwisho pale nilikuwa nautumia kumsifia mdudu.

Mama mkwe, aliyekalia upande mmoja tu, alisema neno moja.

"Aende."

Mjomba akamgeukia mke wangu. Yeye akawa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Akienda, nani atawaongezea maji?"

"Akina nani?"

"Wadudu wale. Makopo yanakauka upesi. Asubuhi najaza, jioni najaza."

Mjomba akakohoa, akamtazama dada yake, akasema basi, nibaki mpaka korosho zianguke, na wadudu wahamie mkoroshoni leo hii.

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nahesabu siku. Tangu nilete kile kiota, sikuwa nimeongeza maji hata mara moja.