Nilishinda maksai kwenye mbio za magari ya rimoti Nyambureti, akaliwa jioni hiyo hiyo

Wakuu, amani iwe kwenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Leo nimeona na mimi niweke la kwangu, maana kila nikilisimulia mtaani naambiwa natunga.

Situngi. Aliyekuwepo Nyambureti siku ile na yumo humu, anisahihishe nikiteleza.

Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Mimi ni fundi. Kipindi kile dhahabu imechanganya kwenye machimbo ya Nyakunguru na kila mwenye koleo yuko shimoni, nilikuwa natengeneza tochi za kichwani na pampu za kutoa maji kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia.

Sasa mjue machimbo ni kazi ya kusubiri. Unasubiri mawe yatoke, unasubiri zamu karashani mawe yasagwe, unasubiri bosi apokee simu. Wanaume wenye nguvu zao wamekaa tu, lazima watafute la kufanya.

Ndipo duara la bosi mmoja, tulimwita Kijiko, likatema dhahabu. Wenzake wakipata wananunua Noah au wanaongeza mke. Yeye alivuka mpaka pale Sirari akarudi na kagari ka rimoti.

Mtu mzima, ana ndevu, anakimbiza kagari kwenye marudio, ule mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa. Tulimcheka sana. Wiki haijaisha, nusu ya kambi ina magari.

La kwangu nililipata bovu. Nikalifufua, nikalifunga betri za tochi za kichwani. Lilikuwa linakimbia vibaya mno.

Kitu kimoja mkielewe. Rimoti zetu hazifiki mbali. Gari likikuacha hatua chache tu, network imekata. Kwa hiyo mbio zetu dereva anakimbia pembeni ya gari lake, rimoti mkononi, macho chini. Ukiwaona kwa mbali unaweza kudhani watu wanafukuza panya.

Basi Bosi Kijiko kwao ni Nyambureti, na alitaka nyumbani wamwone. Akatangaza mbio, Jumamosi mchujo, Jumapili fainali. Zawadi ni maksai, kashafundishwa kuvuta plau.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Mama yangu anaishi Nyambureti, analima kwa plau. Plau inataka ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa amekufa kwa ndigana. Akabaki mmoja. Ng'ombe mmoja wa plau ni wa kumwangalia tu.

Na mvua zilishaanza. Majirani wote wako mashambani na ng'ombe wao. Huwezi kumwambia mtu asimamishe lake akalime lako.

Ipo njia ya kuita risaga, yaani majirani wanakuja kukufanyia kazi kwa pamoja na wewe unawalisha; aliyekula anadaiwa kazi. Lakini risaga inataka kitoweo. Mama alikuwa na unga. Unga na mlenda hauleti watu wenye plau, tusidanganyane.

Na mimi? Duara nililofungia pampu lilikuwa linatema matope, na mwenye duara ananilipa kwa maneno matamu.

Kwa hiyo wakuu, wenzangu walienda Nyambureti kucheza. Mimi nilienda kutafuta ng'ombe wa pili. Asipopatikana, mama halimi mwaka ule, na asipolima hali.

Jumamosi ikapita salama. Uwanja wa mpira, njia imechorwa kwa majivu, kwenye kona wameweka matairi ya pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini, watu wanaanguka hovyo. Jamaa mmoja alikamatwa kafunga mota ya drili kwenye gari lake, ikabidi iwekwe sheria: mshindi gari lake linafunguliwa na kukaguliwa kabla hajapewa ng'ombe.

MC alikuwa Chacha, mchimbaji mwenzetu. Huyu Mungu alimpa sauti, breki akasahau. Alikuwa na spika kubwa juu ya pickup. Ikumbukeni hiyo spika.

Jumapili fainali nikabaki mimi na Ochieng, kijana mpole kutoka upande wa Migori, ng'ambo ya mpaka. Ana gari jipya na ana mbio za miguu. Hilo la pili ndilo lilinitisha.

Tukaachiwa. Mzunguko wa kwanza kaniacha. Wa pili nikamkuta kwenye kona, tairi lake limekwama kwenye tope. Wa mwisho tuko bega kwa bega, gari langu limetangulia kidogo, watu wanapiga kelele, mimi naona mstari tu.

Nikateleza.

Gari likavuka mstari. Na mimi nikavuka mstari, kwa tumbo. Rimoti ikapiga chini, kifuniko kule, betri kule.

Magari yenye akili yakipoteza rimoti yanasimama. Langu lilikuwa linashika amri ya mwisho, na amri ya mwisho ilikuwa kanyaga. Likatoka uwanjani, likaingia kwenye njia ya ng'ombe, ile iliyochimbika kwa kwato za miaka yote. Njia ikalishika kama mtaro. Likanyooka nayo vichakani.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ochieng akaja, akaniinua, akanipa mkono.

"Pongezi boss, umenishinda. Lakini sheria ni sheria. Gari ikaguliwe. Sasa gari iko wapi?"

Alikuwa na haki yake, siwezi kumlaumu. Bosi Kijiko naye akasema, "Leta gari, chukua ng'ombe. Jua likizama hujaleta, kamba anapewa Ochieng."

Tukaanza kutafuta, mimi na wachache. Wengine wamechoka, wanataka soda. Chacha akaniona nahangaika, akaniambia, "Tulia. Nakuitia watu."

Nilidhani atatangaza.

Chacha akapiga yowe. Kwenye maiki.

Kwa wasiotoka huku kwetu: yowe si kelele. Yowe linapigwa ng'ombe wakiibwa. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha tonge, unashika silaha unakimbia. Na wewe unalipiga ili wa mbele wasikie. Halipigwi kwa utani. Chacha analijua hilo, kazaliwa humu humu. Sijui maiki ilimfanya nini.

Kilima cha jirani kikaitikia. Halafu cha nyuma yake. Chacha akashusha maiki, nikaona uso umembadilika.

Wakaanza kufika. Rungu, panga, mikuki, pinde. Mbele yao mzee Magige, ambaye kwa kufuata nyayo za ng'ombe hakuna asiyemjua.

"Shikamoo mzee."

"Wameibwa wangapi?"

"Hakuna ng'ombe mzee. Ni gari."

"Gari la nani?"

"Langu."

Akatazama barabarani. "Lilikuwa limebeba nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wake. Kama kuku aliyelala.

Nyuma kuna mtu akarudisha mshale kwenye podo.

"Yowe limeshapigwa," mzee Magige akasema. "Tunafuata nyayo. Hayo mengine tutaongea baadaye."

Hayo mengine ndiyo niliyoyawaza njia nzima.

Wakuu, yule mzee aliinama akasoma alama za vitairi vyangu bila kucheka hata kidogo. "Hapa ameruka." "Hapa amepungua nguvu." Kundi zima nyuma yake kimya, na kila tukienda wanaongezeka wengine wenye silaha ambao hawajui tunafuata nini. Wanajua tu kuna yowe.

Desturi yetu, nyayo zikiingia kwa mtu, mtu huyo aonyeshe zilikotokea au ajibu yeye.

Zikaingia kwa mzee mmoja, Wambura. Moja kwa moja kwenye zizi lake.

Mzee wa watu alikuwa amekaa na kikombe cha uji. Akaona boma limejaa mikuki, hakuna anayemsalimia. Akasimama.

"Nimeiba nini?"

Wale wa mbele walikuwa wanajua, wakaona aibu kusema. Wale wa nyuma hawajui, wakaanza kusukumana na kupaza sauti. Hapo niliogopa kweli. Huku kwetu watu wameshauana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nikaruka uzio, nikaingia zizini, nikapekua. Nikalikuta limepinduka kwenye samadi, mota bado ya moto. Nikalinyanyua juu kila mtu alione.

Mzee Wambura akalitazama. Akatutazama.

"Haka ndiko kameleta mikuki nyumbani kwangu?"

Wale wa mbele wakashusha mikuki.

Wazee hawakungoja siku nyingine, ritongo, yaani baraza lao la kuamua kesi, ilikaa pale pale, nje ya zizi. Haikuchukua muda. Yowe limepigwa bure, watu wameacha kazi, boma la mtu limeingiliwa na silaha. Mwenye mali iliyopigiwa yowe achinje ng'ombe, waliokimbia wale, mzee Wambura aoshwe moyo.

Nikasimama nikasema yowe kapiga Chacha.

"Chacha kapotelewa na nini?" mzee Magige akauliza.

"Hajapotelewa."

"Basi kaa chini."

Ochieng akaomba bisibisi. Akafungua gari pale pale, samadi hadi kwenye viwiko, akachungulia. "Motor ni ile ile ya kiwandani. Ng'ombe ni yake."

Bosi Kijiko, ambaye alishaagiza maksai aletwe, akanipa kamba mbele za watu. Wakapiga makofi. Halafu wazee wakanyoosha mkono, nikawapa kamba.

Iliniuma, wakuu. Sitaki kujifanya mgumu. Yule ng'ombe alikuwa mpole, shingo pana, ungemwona tu ukajua huyu anavuta. Nilimshika kwa muda wa kumkabidhi kwa wengine tu.

Mama akafika wakati wanachuna. Habari zilishamfikia. Akasimama pembeni yangu.

"Mura," akaniita, yaani kijana, "umeniletea ng'ombe au umeniletea watu?"

Akawaangalia wale wanaume mmoja baada ya mwingine, taratibu, nikadhani anatafuta wa kumlaani. Akaondoka bila kuaga. Nikajua nimemmaliza.

Nyama ikaiva. Watu wamekimbia vilima, njaa inawauma, na nyama tupu si chakula. Wakaanza kuulizana ugali uko wapi.

Mama akatokea na wanawake wenzake, masinia kichwani. Ugali wa mtama na muhogo, unga wake wote aliokuwa nao ghalani. Akaanza kugawa kwa mkono wake. Kila anayempa anamwambia neno moja.

"Karibu risaga."

"Asante mama." Mtu anamega.

"Karibu risaga."

"Asante mama."

Wapo ambao mkono uliganda njiani. Lakini tonge likishakuwa kwenye mchuzi unalirudishaje? Mzee Wambura peke yake ndiye aliyeanza kucheka, anacheka na machozi yanamtoka, na yeye pia anakula.

Masinia yalipoisha mama akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nyama ilikuwa ya faini, sina neno nayo. Ugali ulikuwa wangu. Shamba langu mnalijua."

Mzee Magige akalamba vidole, akaangalia mawingu.

"Asubuhi," akasema.

Asubuhi nimetoka nje, sikuamini. Ng'ombe wamepanga foleni njiani, jozi kwa jozi, na plau zao. Ng'ombe wetu aliyebaki alifungwa nira moja na wa mzee Wambura.

Chacha alikuwepo, hana maiki, kapewa jembe la mkono avunje mabonge. Ochieng hakuwa amerudi kwao, na kwa kuwa alikula, akashika plau. Hakuwahi kuishika maishani. Mfereji wake ulikwenda kombo mpaka watu wakaja kuutazama.

Kabla jua halijawa kali shamba limekwisha. Wakaingia na ile sehemu ya juu, ambayo haijalimwa tangu baba afariki.

Sikulia. Nilienda nyuma ya ghala mara moja kuangalia kitu.

Nilichojifunza ni hiki. Funga kifuniko cha rimoti kwa selotepu. Usimpe maiki mtu aliyelelewa kwenye ng'ombe. Na mimi nilizunguka machimbo yote nikitafuta ng'ombe wa pili, kumbe kitoweo cha siku moja tu kingetosha, na mama hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Gari bado ninalo, ingawa likipata joto linanuka zizi.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu yowe la bure linaamuliwaje? Na kama yumo aliyekula ile nyama akakwepa shamba, ajitokeze. Mama anawakumbuka wote.

Juzi kanipigia simu anauliza mbio nyingine lini. Nikamwambia, mama, hata kama nikishinda tena, huyo ng'ombe si nitakuletea umfuge sasa?

Akasema ng'ombe hana shida naye, anataka watu. Palizi imefika.