Nilifunga Etiketi za Mlima Mwingine

Shimo lilipobomoka nilikuwa nimeshika koleo na waya, nafunga etiketi kwenye magunia. Vumbi lilitoka mdomoni mwa shimo, kisha kukawa kimya. Bwana yangu alikuwa chini na wenzake wanne. Nikaweka koleo. Mwenye shimo, ambaye tulimwita PDG, mkurugenzi mkuu, kana kwamba ana ofisi, akaniambia niliokote, lori linaondoka saa sita. "Maliza magunia kwanza." Nikamaliza. Watu wanachimbua udongo kwa mikono hatua chache kutoka nilipo, na mimi nafunga. Sina maneno ya kulipamba hilo.

Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nilifika darasa la nne, naweza kunakili namba kwenye daftari, ukurasa wake unaosafiri na magunia mpaka kwa mnunuzi. Kule Kongo gunia la jiwe jeusi halisafiri bila etiketi, kipande cha plastiki chenye namba kinachosema limetoka mlima gani. Mlima wetu haukuruhusiwa kuchimbwa. Basi mtu wa serikali aliyezitunza etiketi aliuza zile za mlima mwingine, ulioruhusiwa, ambao jiwe lake lilikwisha zamani. PDG alizinunua, mimi nikazifunga. Bwana yangu akitoka shimoni, mweusi mpaka kope, alinitania: "Mama padiri, leo umebatiza magunia ngapi?" Nilimjibu anawe uso kwanza ndipo aongee na padiri. Tuliona ni mchezo tu. Jiwe ni jiwe, huko linakokwenda nani atauliza?

Walichimbua siku ile na kesho yake asubuhi. Halafu PDG akasema wakaguzi wako njiani. Akaamuru udongo urudishwe, akapanda mihogo juu yake. Walio chini wako chini mpaka leo. Vita ilipotufikia nikavuka mpaka, nikaja Bujumbura peke yangu.

Nakaa mtaa wa Kinama, chumba kimoja. Nauza ndagala, dagaa wa ziwani, narudi, napika sahani moja. Miezi ya mwanzo mkono ulikuwa bado unapima unga wa watu wawili, na kesho yake nakula kiporo. Kanisani kuna kikundi cha wajane. Mmoja akiugua wenzake wanampikia, wanakaa naye mpaka apone. Niliomba kuingia. Wakataka karatasi ya kifo. Nikaenda kuiomba kwa maofisa wa Kongo, wakatazama orodha ya machimbo, wakasema kwa mlima huo hakuna shimo, mtu hawezi kufa ndani ya shimo ambalo halipo. Nikarudi mikono mitupu. Kwenye bomba la maji nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, "Bwana yake hakufa. Ako Kampala, anakula samaki na musichana." Wakacheka. Tangu hapo nachota maji saa ya jua kali, wakati bomba halina watu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mwalimu wa fizikia. Siku moja mvua ilitushika barazani kwake, nikamuuliza jiwe letu linafanya nini huko ng'ambo. Ndani ya lile jiwe kuna metali iitwayo niobi. Mwalimu akafurahi, akatoa simu, akanionyesha kitu kinachong'aa kama vibuyu vilivyounganishwa shingo kwa shingo. Niobi, alisema, huyeyushwa tena na tena mpaka isibaki na uchafu, inafanywa vibuyu hivyo, kisha vinazamishwa kwenye gesi iliyogeuzwa maji, yenye baridi kupita barafu yoyote. Kwa baridi hiyo umeme unapita ndani ya niobi karibu bila kupotea. Wanapeleka humo mawimbi kama ya redio, nayo yanasukuma vipande ambavyo jicho haliwezi kuviona, mpaka vinakimbia karibu sawa na mwanga. Wanavigonganisha ili wajue dunia imejengwa kwa kitu gani. Chembe moja ya vumbi ikibaki ndani ya kibuyu inaweza kuharibu kazi yote, kwa hiyo wafanyakazi hujifunika mpaka nyusi. Nikamwomba arudie hapo pa vumbi. Akarudia.

"Na kila bamba la niobi lina karatasi yake," akasema. "Wanajua limeyeyushwa wapi, na nani aligusa."

Nikamuuliza kama wanajua limetoka mlima gani. Akasema wanajua kilichoandikwa. Kama niobi yetu ilifika humo, yeye hajui, na mimi sijui. Lakini kilichoandikwa niliandika mimi.

Mnunuzi wetu ni tajiri wa hapa hapa. Depo yake, ghala la mawe, iko mtaa wa Asiatique, nyumba yake mtaa wa Kinanira. Nilimkuta depo, akanitambua kabla sijasema jina. Nikamwambia sitaki pesa, nataka barua ya mistari miwili tu: shimo lilikuwepo, watu watano wamo. Hakukasirika. Akaagiza faili, akalifungua, akanigeuzia. Ulikuwa ukurasa wa daftari langu, na ile saba ninayoiandika kwa mkia mrefu.

"Mama yangu, mi nilinunua kwa mulima hii ingine. Soma. Kwa mulima yako hakuna shimo." Kisha, kwa upole, "Na mwenye alifunga etiketi ni nani?"

Nikatoka bila kujibu. Sasa najibu: ni mimi, na wanaotaka kunihukumu wanajua chumba changu. PDG aliyepanda mihogo juu ya watu, ajibu lake. Mtu wa serikali aliyeuza jina la mlima, ajibu lake. Na wewe wa Asiatique, ulikuja kuliona shimo kabla ya kununua. Ulivua viatu vyako vizuri ukaviacha kwangu. Bwana yangu alikushika mkono, akakushusha ngazi moja moja, ukapiga ukuta kwa nyundo ukasema jiwe ni zuri. Njoo mbele ya wale wajane useme siku ile ulikuwa umeshuka wapi.