Umepata Mtoto Gani?

Kabla ya kusomea ukunga nilikuwa mtandika vitanda. Miaka mingi nilifanya kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi, Ikoma, na mpaka leo ukinipa taulo nitakukunjia tembo mwenye mkonga. Siku mwenzangu wa kufua aliposhikwa na uchungu kazini, gari likampeleka hospitali mimi nikiwa nimemshika mkono kiti cha nyuma, niligundua kwamba sijui kitu cha maana hata kimoja. Yeye alifika salama, akajifungua. Mimi ndiye sikupona. Niliporudi nikaomba kuacha kazi, na ndugu zangu wa Ringwani wakasema nimerogwa: mtu mzima, una watoto, unaacha mshahara ukakae dawati moja na vitoto vya juzi?

Nilikaa navyo. Waliniita bibi, nikaitika. Ukubwa ni jalala.

Mafunzo ya vitendo nilipangiwa kituo cha afya Tarime vijijini, chini ya mkunga kijana aliyeletwa na serikali kutoka Njombe. Mkali, lakini mikono yake ilikuwa na adabu. Mtoto akitoka, alinifundisha, mnyanyue mbele ya macho ya mama yake, umuulize: umepata mtoto gani? Usimtajie wewe. Atazame, aseme kwa kinywa chake, ili kesho mtu asije akasema watoto walibadilishwa. Nililipenda swali hilo kuliko yote. Wanawake hulijibu wakicheka, wengine wakilia, wengine wamesahau kabisa kwamba wamechanika.

Asubuhi moja wakaja wawili kwa bodaboda kutoka upande wa Nyarero: binti mwenye uchungu, na bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo. Mkunga wangu akauliza mume yuko wapi.

"Mimi ndiye nimemuoa," bibi akajibu.

Mkunga akanitazama kama vile mmoja wetu amelewa. Nikamvuta pembeni nikamweleza: huku kwa Wakurya, mama aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, ili amzalie wa kushika mji, yaani boma lake. Ndiyo nyumba ntobhu. Watoto huwa wa mji ule, na mwanaume anayewaleta haulizwi mengi.

Binti alikuwa ameacha wasichana wake watatu nyumbani. Tulipobaki wawili, namsugua mgongo, alinishika mkono.

"Sista, akiwa wa kike usinionyeshe. Mama aliyenioa amesema akikosa wa kiume na safari hii, ataoa mwingine. Sasa mimi nitakuwa nani pale?"

Hotelini mgeni hakataliwi. Akitaka chai kabla jogoo hajawika, anapata. Hapa mtu ananiomba kitu kidogo mno, na sina ruhusa ya kumpa. Nilikasirika, na hata sijui nilimkasirikia nani. Nilimwambia tu avute pumzi, neno ambalo wakunga tunalitumia tukiishiwa.

Kabla ya mchana akajifungua. Wa kike, mzima, mwenye sauti. Nikamnyanyua.

"Mama, umepata mtoto gani?"

Akageukia ukuta. Nikauliza tena kwa Kikurya changu cha kuungaunga. Mkunga wangu akanipa ishara ya jicho nisubiri. Nikamfunika mtoto kwa kanga, nikasimama naye pale pale.

Bibi alikuwa amesikia mtoto akilia. Aliingia bila hodi.

"Ni nani?"

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Ni nani?"

"Mama yake hajasema."

Akaegemeza fimbo kwenye meza, akafunua kanga mwenyewe. Akamtazama mtoto. Mimi nilimtazama yeye, maana niliona wazi kwamba kila kitu cha yule binti kilikuwa kinangoja mdomo ule ufunguke.

"Hata mimi nilizaliwa hivi hivi," alisema. "Na nimeoa. Huyu naye ataoa."

Nilidhani anatania. Kisha nikaelewa kwamba ni faraja, labda ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Binti akageuka kutoka ukutani. Alimtazama mtoto kwanza, ndipo akamtazama bibi.

"Wa kike," alisema. "Na huyo atakayemuoa, mama, naye atakuja kulala hapa akiogopa kama mimi."

Hakupaza sauti. Lakini mkamwana hamjibu hivyo aliyemtolea ng'ombe, hasa mbele ya wageni, na nilijiandaa kwa matusi. Bibi alikaa pembeni ya kitanda. Akavuta shuka, akamfunika miguu, akaiacha mikono yake juu ya miguu ile.

"Basi, sitaoa tena," alisema. "Mpeni mtoto anyonye."

Nikamlaza mtoto kifuani kwa mama yake. Nililia waziwazi mbele ya mkubwa wangu wa kazi, naye hakunikemea. Alikuwa ameinama anatafuta mkasi, na mkasi alikuwa nao mkononi.